Betri Zimekuwa Ukuta wa Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada. Huku hatujambo, baba Godlove hajambo ila mgongo, Godlove mwanangu mzima, Anyes mdogo wake anasoma, bibi yao bado anakula vizuri, Tusekile mke wa Godlove naye mzima ila ana mimba na mwezi wake ndio huu, ndiyo sababu naandika.

Mashua yetu ya tanga ilikuwa na injini ya dizeli katikati, ndani ya sanduku, spea zikawa shida, basi Godlove karudi toka Malawi na mota ya umeme na betri za lori, injini kaing'oa pamoja na sanduku lake, mota inazunguka kweli, haina moshi. Tatizo ni lile sanduku, maana ndilo lililomficha Tusekile, yeye hukaa chini mbele, baba mkwe wake nyuma kwenye usukani, hawaonani kama mila yetu inavyotaka, sasa kati ni peupe. Nikamwambia Godlove apange betri juu ya kichanja ziwe ukuta, na maji yasizifikie. Akasema, "Mama, unajenga kabati ndani ya mashua!" lakini akanitii. Kuijaribu, ikayumba kama mlevi, vyungu vyangu nilivyonunua sokoni Lyulilo vikavunjika. Godlove anataka zishuke, baba yake anasema akikosa ukuta hapandi, na usukani anaujua yeye tu, na barabara huku hakuna, njia ni ziwani. Tusekile atafikaje hospitali? Sijui nimsikilize nani. Nijibu upesi, mtoto hangoji.

Mama Godlove

Mama Godlove, pole, na ndaga, asante, kwa salamu. Nimecheka kabati, kisha nikaogopa. Injini haikuwa ukuta tu, uzito wake chini ndio ulioituliza mashua. Umeupandisha juu, halafu unashangaa inalewa? Mtii mwanao. Betri zishuke leo pale ilipokaa injini, zifungwe kamba, ndani ya sanduku la mbao lenye matundu ya hewa, sigara mbali. Waijaribu kando ya ufuko kwa mifuko ya mchanga, bila Tusekile. Tanga na makasia yabaki, betri huisha. Upepo wa Mwera ukivuma, msitoke.

Na heshima? Tundika mkeka kati yao, usipite kifua cha mzee akikaa kwenye usukani, aone anakokwenda, na Tusekile chini afichike. Baba Godlove, najua unasomewa haya: ukuta umepata, shika usukani. Na wewe mama, panda ukae mbele na mkweo. Vyungu viache nyumbani.