Kiganja Changu cha Udongo kwa Baba

Mdogo wangu Tusekile,

Pole, na poleni nyote hapo Mbebe. Meli yetu inafyonza mchanga unaoziba njia ya bandari, tunakwenda kuumwaga bahari kuu. Mkondo unaurudisha, tunaufyonza tena. Sijawahi kulima shamba la hivi.

Jumamosi saa nane, saa mliyosema mnamzika baba, nilikuwa zamu ukingoni mwa shimo la mzigo, humu melini mchanga unamoingia. Unajua kwetu mtoto wa kwanza ndiye huanza kumtupia mzazi udongo. Basi nikachota tope kiganjani, nikasema, "Nenda salama, baba," nikalitupa humo shimoni. Msimamizi akanifokea, "Wewe Mtanzania, unacheza?" Baada ya saa moja milango ya chini ya meli ikafunguliwa, mzigo wote ukazama, na kiganja changu humo humo.

Nashinda kwenye udongo, Tusekile, na wa kumzika baba nimekosa.

Mfunike mama vizuri, baridi ya huko naijua. Kadi hii ikifika, kaburi litakuwa limeshaanza kuota majani. Nenda hivyo hivyo, umtupie kiganja kimoja kwa jina langu. Mwambie hicho ndicho cha kwanza, kimechelewa tu.

Kaka yako,
Ambakisye