Manyoya ya Zulia

Jumanne, 4 Februari

Koo limefunga tena. Kijiko cha tatu cha supu — kimerudi. Mwanangu akachungulia mlangoni, akauliza kama nimemaliza. Nimemaliza, nikasema. Samaki na yai vilikuwa vimeshaingia tumboni mwa Zulia, chini ya kitanda.

Zulia ni mbwa wetu. Mwanangu alimpa jina hilo alipomwokota: zulia lililoliwa na nondo, alicheka. Kweli! Mabaka ya upara mgongoni, manyoya makavu kama nyuzi za gunia, anajikuna mpaka damu. Mpaka juzi alikula makombo ya wali mtupu, siku zote.

Naandika ili walau mahali pamoja niwe mkweli. Sitaki kurudi wodini kuwekewa mpira wa kulishia puani. Kufa nitakufa, hilo halina ubishi. Lakini hapa, kwenye dirisha langu.

Jumapili, 2 Machi

Nilifundisha biolojia mpaka nikastaafu, na sijawahi kuona somo likijithibitisha hivi. Unyoya ni protini. Ngozi inataka mafuta. Mayai, samaki, maini — vyote vyangu — na mabaka yameziba! Mba umekwisha. Anang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikipitisha kidole mgongoni, kinateleza.

Nywele zangu zinabaki kwenye mto. Kucha zinakatika. Somo lile lile, upande wa pili.

Binti wa kazi, anayetupikia na kunihudumia, kaniambia, "Babu, huyu mbwa utasema anapakwa mafuta." Nikamjibu ni jua la asubuhi. Akaniangalia tu. Mimi mzee mwongo!

Ijumaa, 28 Machi

Daktari wa mifugo alikuja kumchoma Zulia sindano ya kichaa cha mbwa. Akapekua manyoya, akatazama ngozi, akapiga mluzi. Mnampa nini? Mwanangu: makombo tu.

"Makombo? Bosi, basi na mimi nihamie hapa! Haya ni manyoya ya mayai na samaki, tena kila siku."

Mwanangu akacheka. Kisha akaacha. Akanitazama — mifupa ndani ya shuka. Akageuka kuelekea jikoni.

Nilijua anachojumlisha.

Ukuta ni mwembamba, nimesikia yote. Chakula cha baba kinakwenda wapi? Binti akasema kinakwenda kwa Babu, yeye anarudisha sahani tupu.

"Sahani tupu! Baba anakwisha kama sabuni, mbwa ananawiri, halafu unaniambia sahani tupu?"

Binti akalia. Kamuulize mwenyewe, akasema.

Hakuja kuniuliza. Kwake mimi bado ni mwalimu, mtu asiyesema uongo. Nami nikavuta shuka, nikajifanya nimelala.

Jumamosi, 29 Machi

Binti kafukuzwa. Asubuhi nilimsikia akiburuta begi. Akasimama dirishani.

"Kwaheri, Babu. Ule basi, hata kidogo."

Anajua! Alijua muda wote, na hakunitaja. Ningeweza kumwita mwanangu pale pale. Sauti ninayo. Niliuogopa ule mpira kuliko nilivyomwogopa Mungu.

Zulia kanilamba mkono mchana kutwa. Nimemsukuma. Karudi.

Jumapili, 30 Machi

Mwanangu kapika mwenyewe. Yai limeungua pembeni. Akaketi kitandani, sahani mapajani.

"Haya Baba, leo nakulisha mimi. Tuone nani atakuibia."

Nikafungua mdomo niseme. Kabla sijasema, Zulia akatoka chini ya kitanda. Akaweka kidevu kwenye goti langu, mdomo wazi. Anasubiri zamu yake — kwa adabu kabisa, kama mtoto aliyezoeshwa.

Kijiko kikabaki hewani.

"Ni mimi," nikasema. "Binti hajala hata punje. Koo limefunga, mwanangu. Niliogopa utanirudisha wodini. Mwite binti wa watu arudi."

Mwanangu kaiweka sahani sakafuni, taratibu, katoka na simu.

Zulia hajaigusa. Ananitazama, anangoja ruhusa yangu.

Kupitia dirishani naona mgongo wa mwanangu, pale pale Binti aliposimama jana. Sijui anampigia nani — Binti, au hospitali. Kaiweka simu sikioni. Inaita.