Mama yao nimemfungia kule nyuma

Shoga, acha unachofanya. Sina mbavu!

Shemeji yako alikuwa jikoni, simu sikioni, anaongea na daktari wa mifugo kuhusu wale watoto wa nguruwe tuliowaachisha ziwa. Mama yangu akaingia bila hodi.

Akamkuta anasema: "Watoto wanaharisha tangu niwaachishe ziwa. Mama yao nimemfungia kule nyuma, akiwasikia wanalia anataka kuvunja mlango."

NIMEMFUNGIA KULE NYUMA, shoga! Na mimi niko sokoni, sionekani!

Halafu akamalizia: "Yule mdogo asiponenepa, namuuza."

Mama akanyakua mwiko. "Mwanangu yuko wapi?" Shemeji yako akatimua mbio hadi bandani, mama nyuma yake. Kufungua mlango, nguruwe jike huyo, anamkodolea macho.

Unadhani mama aliomba radhi? Thubutu! Alihamia banda la watoto, akaketi kwenye majani makavu, anawapakata wasipate baridi.

Yule mdogo, anayekula kuliko wote na hanenepi, keshampa jina. Anamwita Mkwe.

Sasa akiita, "Mkwe, njoo ule!" wanageuka wote wawili.