Mgahawa wa Mama Kapinga

Jumapili, usiku

Ule mgahawa wa stendi ya Mbinga siku hizi ni duka la simu. Leo nimemkuta mwenyewe, Mama Kapinga, kanisani. Amezeeka, anatembelea mkongojo.

"Shikamoo, mama. Tulikuwa tunakunywa kahawa kwako mpaka saa saba usiku, na hukutufukuza hata siku moja."

"Marahaba, mwanangu. Ningewafukuzaje? Marehemu mume wangu alikuwa akilewa ananipiga. Nilisubiri alale ndipo nirudi nyumbani. Bila nyinyi ningekaa peke yangu."

Miaka yote nimewasimulia watu kwamba alitupenda. Labda alitupenda pia, sikumuuliza.

Nilimsindikiza hadi kwake. Anaishi peke yake. Anasema saa mbili tu anafunga mlango, analala fofofo.