Mara Mbili Begani

Jumatatu, 3 Juni

Tangu Mungu aumbe anga, hajapita humo mtu mzuri kuliko mimi. Tai wanakuja kuniangalia wajifunze. Nimeruka mara nne na mwavuli, na mara zote nne ardhi ndiyo iliyonifuata mimi. Alhamisi naruka ya tano, nashonewa mabawa kifuani, halafu Kilolo nzima ifungie mabinti ndani.

Asubuhi mbio, uji, usafi. Kisha historia. Anayetaka mabawa lazima aisimulie historia ya brigedi kwa mdomo, wima, bila karatasi. Shuleni historia nilipata F. Leo nimeongoza. Niliitiririsha: tulianza kombania moja ya askari wa miguu waliojitolea, wengi hata ndege hawajawahi kuigusa. Walijifunza kuanguka kwa kuruka kutoka juu ya lori la kuni. Kombania ikawa batalioni, batalioni ikawa brigedi. Kazi yetu kutangulia. Tunashuka nyuma ya adui, tunashika daraja au uwanja wa ndege, tunashikilia kwa kile tulichobeba mgongoni mpaka wenzetu wa ardhini wafike. Wasipofika, tunashikilia tu.

Nikamalizia na yule mzee wa kombania ya kwanza aliyekufa mazoezini kwa sababu ya mkanda uliolegea. Tangu siku hiyo kila askari ana pacha wake wa kuruka. Pacha anakukagua kofia, kifua, mapaja, mgongo, ndipo anakugonga bega mara mbili. Maana yake: nimeona kwa macho yangu.

Sajini Luhanga, mkufunzi wetu, hajawahi kumsifu hata mama yake mzazi. Leo kasema, "Huyu Mnyalukolo wa Kilolo kameza redio."

Pacha wangu Ambakisye alikwama katikati. Mnyakyusa wa Tukuyu, kalelewa kwa ndizi, mkubwa kama mlango wa ghala. Nimemcheka mpaka maharage yakapoa.

Alhamisi, 6 Juni

Ambakisye kavunjika mguu.

Ukungu ulitukalisha uwanjani saa mbili nzima, tumeshafungwa mikanda kama mizigo ya basi. Ulipofunguka tukapanda ndege. Mwavuli wake ulifunguka vizuri kabisa. Lakini alining'inia kiupandeupande, akatua kwa mguu mmoja. Mlio niliusikia. Mkanda wa paja la kushoto ulikuwa wazi.

Mabawa yamesimamishwa. Ya wote! Mimi nimetua kama unyoya, nasimamishiwa mabawa yangu kwa nini? Haki iko wapi?

Ijumaa, 7 Juni

Wananihoji. Mimi! Niliyeongoza historia! Kapteni mmoja mgeni, macho ya samaki, kaniuliza swali moja mara tatu. Nilimkagua? Nilimgonga? Nimemjibu nilimgonga, ndiyo, mara mbili, watu wote waliona. Kaandika polepole kama anachonga kinyago.

Wakanipa karatasi niandike maelezo. Nimewajazia kurasa nne. Ukungu. Upepo. Rubani. Na kifungo cha mkanda, nikaandika lazima kilikuwa kibovu. Wamezoea kuwaonea wadogo, safari hii wamekutana na msomi.

Jioni nasikia wamemsimamisha kazi Koplo Zena wa stoo ya miavuli. Yeye ndiye aliyesaini kadi ya mwavuli ule. Mama wa Kiislamu wa hapa Iringa mjini, anakunja miavuli tangu mimi nanyonya. Kila baada ya miezi kadhaa anachukua mmoja aliokunja mwenyewe, anaruka nao, ili tusimtilie shaka. Kikao ni Jumatano. Akikutwa na kosa, anaondolewa kazini.

Wajinga hawa. Mimi nilisema kifungo. Sikusema Zena.

Jumapili, 9 Juni

Nimepewa ruhusa ya kwenda Mbeya, Ambakisye kahamishiwa huko awe karibu na kwao. Mguu una vyuma. Daktari kasema kutembea atatembea, kuruka asahau.

Mama yake kanipokea kama mwanawe. Kanipa ndizi na maziwa ya mgando, kasimama mpaka nimalize. "Wewe ndiye pacha wake? Asante kwa kumwangalia mwenzio, baba."

Alipotoka kwenda kusuuza sahani, Ambakisye akaninong'oneza.

"Kapteni alinipigia simu. Nimemwambia sikumbuki kitu."

"Hukumbuki nini?"

"Kwamba nilienda kukojoa, we mla mbwa."

Akacheka, utani wao wa kila siku kwa sisi Wahehe. Anacheka na vyuma mguuni! Nimekasirika barabara nzima, Makambako, Mafinga, mpaka Iringa. Nani kamtuma anifichie? Nilimwomba? Mtu anakubebesha wema wake kama gunia la viazi, hajakuuliza hata kama una mgongo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekutana na Koplo Zena nje ya stoo. Hana ufunguo tena. Alikuja kuchukua kanga yake na thermos. Nikampigia saluti, akasema acha hayo.

"Mdogo wangu, nikuulize moja tu. Ulimgonga?"

"Nilimgonga, afande."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Akatikisa kichwa. "Basi kosa ni langu. Kama pacha kagonga, mkanda ulikuwa umefungwa. Kifungo changu ndicho kilichoachia. Sijalala natafuta nilipokosea, kumbe macho yameanza kuzeeka."

Akaenda zake na thermos yake. Wala hakunikasirikia. Afadhali angenizaba kofi. Nimeupiga teke ukuta wa stoo. Kidole kimevimba. Ukuta mzima.

Jumanne, 11 Juni

Baridi. Hakuna mazoezi.

Nimemwomba Sajini, anayetunza maelezo yetu mpaka kikao, anirudishie zile kurasa nne. Kanipa bila kuuliza. Nimeandika karatasi nyingine. Haina upepo, haina rubani, haina kifungo. Nimeiweka mezani kwake, akaisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

Alhamisi pale uwanjani Sajini alikuwa ameshatukagua wote. Ukungu ukachelewa kuondoka. Ambakisye akafungua mkanda wa paja, akaenda kukojoa, akarudi, akaushikiza juujuu, akanigeuzia mgongo anisubiri. Anayefungua mkanda anakaguliwa upya na pacha wake. Hilo nalijua kuliko yeyote kambini. Lakini nilikuwa nawasimulia wenzangu jinsi nilivyowagaragaza kwenye historia, nao walikuwa wanacheka, na sikutaka wanyamaze.

Nilimgonga bega mara mbili. Sikumtazama.