Baba Mkwe Ananisifu, Kumbe Nilimfutia Maneno ya Mama Yake

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, huu ni mwaka wangu wa kwanza katika ufundi wa kompyuta. Zamani nilikuwa nachapa barua za watu kwenye duka la kutoa kopi, mashine zikigoma naitwa mimi, mwisho nikaenda kujifunza kwa fundi mmoja miezi minane, nikarudi nyumbani nikaweka meza barazani na taa na bisibisi zangu. Mume wangu alisema nimechanganyikiwa, ila baba yake, ambaye tunaishi naye, alimwambia muache mwenzio afanye kazi, na yeye ndiye akawa mteja wangu wa kwanza, akanikabidhi laptopu yake iliyokuwa inajizima mara kwa mara, kisha akaenda zake hospitali kupima macho.

Shangazi, fundi wangu alinifundisha kwamba kabla hujagusa kitu muulize mwenye mashine ana nini ndani, ukihamishe kwanza. Wateja wengine nawauliza bila shida, lakini kumpigia simu baba mkwe nimuulize amehifadhi nini niliona kama nampekua mifukoni, halafu nikajiambia mzee wa miaka sabini na mbili atakuwa na nini zaidi ya picha za wajukuu, ambazo hata mimi ninazo, basi nikapiga window, yaani nikafuta kila kitu nikaweka programu upya, maana ndiyo dawa ninayoijua vizuri na nilitaka akirudi aikute kama mpya. Nilipomaliza ikajizima tena. Ndipo nikaifungua, nikakuta feni imejaa vumbi na manyoya ya paka, nikaisafisha kwa brashi, ikapona. Ugonjwa ulikuwa vumbi tu.

Aliporudi aliwasha, akatafuta, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, maneno ya mama yangu umeyaweka wapi?" Kumbe kwa miaka sita alikuwa anaandika lugha ya mama yake, ambayo hata mume wangu haijui, neno na maana yake na aliyemwambia, na wengi wa waliomwambia wameshafariki. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba, vitu vilikuwa vimeshaharibika kabla sijaifungua." Akasema, "Pole kwa kazi. Fundi mwingine angeniharibia na mashine yenyewe."

Leo ni siku ya kumi na moja. Ananisifu kwa kila anayepita, nimepata wateja wanne kwa mdomo wake, na kila asubuhi anakaa kwenye laptopu ileile anaandika upya kwa kukumbuka, akikwama ananiita nikae naye, nami nakaa. Nikisema ukweli nitampoteza na kazi nitaiacha kwa aibu, nikinyamaza naumia kila siku. Nifanyeje?

Fundi wa Barazani

JIBU

Fundi wa Barazani, marahaba. Pole sana, na uishike vizuri pole hiyo maana haina nyingine nyuma yake. Ungeacha namba ya simu ningekupigia. Hukuacha, kwa hiyo soma haraka.

Mimi kompyuta sizijui, yangu ikikataa naiacha naenda kunywa chai. Barua yako nilimsomea fundi anayetutengenezea mashine hapa ofisini, mtu wa maneno machache. Nilipofika pale mzee anapoandika upya, akaweka bisibisi chini. "Kwenye ileile?" Nikamwambia ileile. "Mwambie aache leo," akasema.

Akanieleza polepole. Ukifuta, vitu havichomwi moto, mashine inahesabu tu kwamba nafasi iko wazi, na vya zamani vinaweza kubaki mpaka vipya viandikwe juu yake. Wapo wenye vifaa vya kuvitafuta, hasa kama diski ni ile ya zamani inayozunguka. Huenda vikapatikana nusu, huenda visipatikane kabisa. Ila kila siku mashine ikitumika, vinapungua. Hilo hawakukufundisha, au siku hiyo hukwenda.

Umeelewa sasa? Ulidhani uongo wako unakuumiza wewe peke yako. Mzee anahangaika kukumbuka neno la mama yake, analiandika, na kwa mkono wake mwenyewe huenda analifuta lile la kwanza. Na wewe umekaa pembeni unamtazama.

Kufuta lilikuwa kosa la kazi. Huyu wa hapa ofisini naye alikiri kwamba aliwahi kumfutia bibi harusi picha zake zote. Ila hiyo aibu ya kumuuliza mkwe usiniitie heshima. Uliamua mzee hana cha maana, ukaona huna haja ya kuuliza. Hiyo ni dharau, mwanangu, hata kama uliifanya kwa mapenzi.

Usimtume mumeo. Nenda mwenyewe, kaa chini, useme, "Baba, nilifuta mimi, na nilikudanganya." Usilie kabla hujamaliza, maana atakubembeleza na mengine hutayasema. Mwambie ipo nafasi ndogo, usimwahidi kitu. Itoe diski, usijaribujaribu mwenyewe, ipeleke kwa anayefanya kazi hiyo. Mzee mnunulie daftari, aendelee kwa kalamu.

Atakasirika? Huenda, na ana haki, mpe muda wake. Lakini kazi usiiache. Liandike swali lile kwa herufi kubwa, libandike mezani: UNA NINI NDANI? Anayekuja na mashine, awe mkwe, awe nani, ajibu hilo kwanza.

Barua yako ilichukua siku nne kunifikia na mbili kuingia gazetini. Hizo ni asubuhi sita, na mzee amekaa hapo zote anaandika. Weka gazeti chini, nenda kamwambie azime.