Aika Alikwenda Stendi Kumtafuta Baba Yake

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo mama. Mguu unaendeleaje? Huku tunapumua, lakini uzima wetu ni wa mdomoni tu.

Unakumbuka nilipokuja kumzika Baba Aika hapo kihambani, kwenye migomba ya ukoo, nilimwacha Aika kwa Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, kwa sababu alikuwa na surua. Niliporudi akaniuliza baba yuko wapi. Ana miaka sita tu, mama. Nikashindwa. Nikamwambia, "Amebaki Moshi kwa bibi, ana kazi."

Tangu hapo hakutulia. Akaanza kukojoa kitandani. Uji anaacha nusu, eti wa baba.

Jumanne moja mwezi uliopita nilitoka foleni ya sukari ya mgawo duka la kaya, nikakuta mtoto hayupo. Bi Zuhura alidhani nimekwenda naye. Mjumbe wa nyumba kumi akakusanya watu, wakazunguka soko zima, wengine hadi Mchafukoge. Mimi nikakumbuka nilimwambia baba yuko Moshi, nikakimbilia stendi ya mabasi. Nikamkuta kwenye basi la Moshi, ameng'ang'ania kiti.

"Huyu ni mwanao?" kondakta akaniuliza. "Anasema anamfuata baba yake. Amegoma kushuka."

Nilimbeba, nikakaa naye chini palepale vumbini.

"Aika, baba hayuko kazini. Amekufa. Magunia yalimwangukia ghalani. Tumemzika."

"Atakuja sikukuu?"

"Haji."

"Hata nikiwa mkubwa?"

"Hata ukiwa mkubwa."

Akanipiga ngumi kifuani. "Ulinidanganya!"

"Nilikudanganya, mwanangu. Niliogopa. Nisamehe."

Hakulia mpaka tulipofika nyumbani. Hapo alilia hadi akatapika, na Bi Zuhura akalia naye.

Sasa kila siku ana swali. Baba anasikia baridi? Nani alimshika mkono? Nisilolijua namwambia silijui. Mtu mmoja kanisani alimwambia baba amelala; siku mbili mtoto akaogopa kusinzia. Kitandani bado anakojoa. Lakini juzi mwalimu wake aliniambia kuwa mtoto mwenzake darasani alimcheka kwamba hana baba. Aika akasimama, akasema, "Ninaye. Amekufa." Kisha akakaa, akaendelea kuandika.

Ndiyo sababu ya barua hii. Manka wetu, mdogo wake Aika unayemlea huko, mlimpeleka kwa jirani siku ya mazishi, mkamwambia baba amesafiri. Ana miaka minne, lakini naye anasubiri. Mwambie, mama. Usiseme amelala, usiseme amesafiri. Akilia usimnyamazishe, mpakate tu. Najua neno hilo ni zito kinywani mwako. Alikuwa mwanao kabla hajawa mume wangu.

Nisalimie wifi yangu anayekupikia, na mchungaji aliyetuombea. Msalimu pia shemeji aliyechimba kaburi. Mwambie shule zikifungwa tutakuja, na Aika atamwuliza alichimba kina gani. Asimfiche.

Mimi mkweo,
Mama Aika